Mabua, Siyo Manyoya

Punta Arenas, Jumatano, 3 Juni 1992

Kaka Ceferino,

Jana Jumanne, tarehe mbili Juni, kabla hakujapambazuka, nimepoteza paka wanne wa uani kwangu, na walioniulia ni mbwa walioitwa na manyoya yako. Nalisema hili mwanzoni usije ukasoma barua nzima ukitafuta salamu. Salamu hazimo.

Unakumbuka afisa wa afya alivyokuja mwezi wa nne. Alimkuta paka amelala juu ya sufuria la kuchemshia kaa wa baharini, sufuria lenyewe limefunikwa, jiko limezimwa, lakini nani anamweleza afisa? Akasema, "Nikiona tena mnyama ndani ya banda hili, Doña Eduvina, nalifunga. Nje ni shauri yako." Na mimi bila paka siwezi kazi. Panya wa bandarini wanatafuna nyavu, wanatafuna kamba, walishamtafunia mfanyakazi wangu Zunilda buti la mguu wa kushoto na yeye kalivua dakika mbili tu. Basi nikawajengea paka nje.

Sikujenga kwa kubahatisha. Nilichukua maboksi meupe ya povu, haya tunayosafirishia kaa, nikayakabilisha mawili mawili mdomo kwa mdomo, nikayavika nailoni, nikayainua kwenye mbao yasiguse ardhi, nikayawekea mawe juu. Mlango sentimita kumi na tano, ili paka apite na asiyekuwa paka abaki nje. Mlango unatazama mashariki, upepo wa magharibi upige mgongo. Nyumba sita, paka kumi na mmoja. Kilichobaki ni kitu cha kujaza ndani, nikakuomba wewe mabua makavu ya shayiri, kwa sababu huko shambani Las Mellizas yamejaa ghala mpaka dari.

Ukaniletea magunia matatu ya manyoya ya tumboni mwa kondoo, mabichi, na mafuta yake na uchafu wake, na kikaratasi juu: "Hiki ndicho kitanda cha matajiri, mdogo wangu."

Nami nikayatumia. Hilo ni fungu langu la lawama, nalibeba. Sisi watu wa huku kila kinachotetemeka tunakifunga manyoya ya kondoo: mtoto, goti, bomba la maji. Zunilda mwenyewe alisema, "Laiti ningekuwa paka." Kosa hili angelifanya nani mwingine duniani?

Wale mbwa unawajua vizuri kuliko mimi. Mbwa walioachwa na wenyewe, wanaishi kwenye mbuga tupu za pampa kwa kuua wana-kondoo, theluji ikizidi wanashuka mpaka kwenye nyumba zetu za pembeni. Hawakuja kutafuta paka. Walikuja kutafuta kondoo. Walinusa kondoo sita wamelala kwenye ua wangu, wakaenda kuwafungua. Nyumba nne zimebaki vipande. Ua mzima ulikuwa mweupe, na si theluji. Sajini, yule mwekundu, nimemkuta chini ya mtumbwi. Paka wangu Mjane na mabinti zake wawili sitaki kueleza.

Wamebaki saba. Nimeyachoma manyoya yote yaliyobaki, mtaa mzima unanuka. Nyumba nimezijenga upya. Sasa ndani ni patupu na baridi ya Juni ndiyo kwanza imeanza.

Nataka mabua. Marobota matatu yanatosha. Bahamonde anapita na lori Alhamisi kuja huko na Ijumaa anarudi. Mpe.

Dada yako,
Eduvina


Las Mellizas, 11 Juni

Mdogo wangu Vina,

Barua yako nimeisoma nimesimama, niliogopa kukaa nisije nikachapwa.

Pole. Nasema kweli, pole sana. Sajini alinikwaruza siku ya Krismasi mbele ya watu, nikampa heshima yake tangu siku ile. Lakini na wewe nihurumie kidogo. Miaka arobaini nimewakata kondoo manyoya, sijaona hata mmoja anayelalamika kwamba nguo yake haina joto. Ningejuaje habari za mbwa? Nilidhani mbwa wa mjini wana adabu, wanakwenda misa.

Mabua utapata. Wiki hii imeshindikana kwa sababu ufunguo wa ghala anao msimamizi, na msimamizi amekwenda kwa daktari wa meno, na unajua mtu aking'olewa jino hataki kuulizwa ufunguo. Wiki ijayo.

Sasa na wewe nisaidie. Nina jike moja la kondoo, zee, nimelitenga kwenye kibanda cha bati. Kibanda kinaweza kulaza watu wanne, sakafu ni udongo, na yeye ni peke yake. Jiko lipo ila bomba la moshi liling'oka na upepo, ukiliwasha unakufa kwa moshi kabla ya baridi. Nimempa blanketi, asubuhi linakuwa gumu kama ubao. Nifanye nini apate joto? Na kama mabua yako mbali, nyasi za pampa zinaweza kufaa? Niandikie kila kitu, na vipimo. Wewe ndiye mwenye kichwa cha hesabu, mimi mama alinipa masikio tu.

Barua mwambie Bahamonde aziache kwenye hoteli ya njia panda. Getini asifike, theluji imejaa.

Kaka yako anayekupenda hata ukimtukana,
Ceferino


Punta Arenas, Jumatano, 17 Juni

Ceferino,

Hiyo wiki ijayo yako imefika. Ijumaa Bahamonde alishusha viazi, alishusha matairi, alishusha mbuzi wa padri. Mabua hakuna. Nikamwuliza, "Kaka yangu hakukupa kitu?" Akasema, "Kanipa salamu, Doña." Nikamwambia, "Salamu nikimtandikia paka, atalala?" Akaangalia viatu vyake. Yule mwanamume siku hizi anaangalia sana viatu vyake.

Tangu lini kondoo akapewa blanketi? Umezeeka, umekuwa laini. Huyo kondoo angekuwa wa kwangu angekwisha kuwa mchuzi. Lakini umeuliza, nakujibu, kwa kuwa kazi mbovu siwezi kuivumilia hata ikiwa ya mtu mwingine.

Kwanza, blanketi litoe. Kitambaa kinakunywa pumzi na unyevu wa mwili, kikishalowa kinaganda, na kikishaganda hakikupi joto, kinakunyang'anya. Tandiko liwe kitu kisichonywa maji, kikavu, cha kuchimbia. Mnyama asilale juu ya mabua, alale ndani yake, yamfike masikioni.

Pili, kibanda cha watu wanne chenye mwili mmoja ni jokofu. Mwili mmoja una joto la kujaza mahali padogo tu. Kama huwezi kukipunguza kibanda, jenga kibanda kingine ndani yake: mbao, maboksi, milango ya zamani, chochote. Urefu wa mwili na nusu mkono, upana wa kugeukia, dari ya kugusa ukiketi. Sakafu iinue kwa kiganja kizima kutoka kwenye udongo, hewa ipite chini. Mlango uwe mdogo kiasi cha kuudhi.

Nimepima, siongei kwa mdomo. Nilichukua kipimajoto cha chumba cha barafu. Jumatatu alfajiri nje ilikuwa nyuzi kumi na moja chini ya sifuri. Nyumba tupu ya povu, tisa chini. Nyumba yenye paka wawili na mabua kidogo niliyoombaomba kwa mwuza mayai, nyuzi sita juu. Juu, Ceferino. Kutoka kumi na moja chini mpaka sita juu, kwa mabua ya kujaza ndoo moja na miili miwili isiyonizidi goti.

Lakini mwuza mayai hana zaidi. Paka watano wanalala kwenye povu tupu. Yule wa kijivu mwenye jicho moja ameanza kukohoa. Kila asubuhi nikitoka na taa nahesabu kwanza, napumua baadaye.

Nyasi za pampa zinafaa zikiwa kavu kabisa. Sasa hivi chini ya theluji hakuna nyasi kavu, kwa hiyo usijisumbue. Ghalani kwenu yapo mabua. Nenda ukavunje kufuli.

Ijumaa hii yasipofika, nakutangaza redioni.

Eduvina


19 Juni

Vina,

Bahamonde anangoja na injini inanguruma, naandika kwa haraka, mkono wenyewe hautii.

Hili gunia ni nyasi za pampa. Nimezikata mwenyewe, nimefukua theluji, nimezikung'uta. Si mabua, najua, usianze. Zitandaze karibu na jiko lako zikauke kwanza.

Yule kondoo anakushukuru. Nimemjengea chumba ndani ya chumba, kwa milango miwili ya zamani na mbao za alama za barabarani. Usiku wa kwanza amelala mpaka asubuhi. Ungekuwa karibu ningekubusu kichwani.

Redioni usinitangaze. Nakuomba. Mabua yatakuja tu.

C.


Punta Arenas, Jumatano, 24 Juni, sikukuu ya Mtakatifu Yohane

Ceferino,

Nimekutangaza.

Nyasi zako zilikuwa zimelowa mpaka kwenye moyo. Nimezianika juu ya jiko usiku na mchana, Zunilda akaniuliza kama tumeacha kaa tunapika malisho. Nje zilionekana kavu, nikazitia, siku mbili baadaye zilikuwa zimeganda donge moja. Yule wa kijivu mwenye jicho moja nimemtoa humo Jumatatu. Alikuwa amejikunja vizuri, mkia juu ya pua, kama wanavyolala wote. Wamebaki sita.

Kwa hiyo jana nilivaa koti nikaenda redioni. Mwandikishaji wa ujumbe ananijua. "Kwa nani, Doña?" "Kwa Ceferino Oyarzo, shamba la Las Mellizas." "Ujumbe?" Nikamsomea. Akaniangalia. "Nisome hivihivi?" Nikamwambia, "Hivihivi, na usitie asali."

Saa mbili usiku, baada ya habari, baada ya mtu kuambiwa mke wake amejifungua salama na mwingine kuambiwa farasi wake amepatikana Laguna Blanca, ikaja zamu yako. Najua pampa nzima ilikuwa imekaa mbele ya redio, kama kila jioni. Ulisikia mwenyewe lakini nakuandikia usije ukasema kulikuwa na upepo: "Kwa Ceferino Oyarzo, Las Mellizas. Dada yako anasema: mabua, siyo manyoya. Paka wanakufa. Kama ghala lina kufuli, msimamizi anayesikia alifungue. Kama ni uvivu, utuambie."

Mama yetu alikuwa akisema kwamba wewe ukikataa jambo hukatai, unatania mpaka mtu asahau alichoomba. Mimi sisahau. Wewe ndiye uliyenishika mkono kunishusha melini hapa nina miaka kumi na sita na kiatu kimoja kikubwa kuliko kingine, ukasema, "Usilie, hapa kila mtu amekuja hana kitu." Mtu aliyefanya hayo hawezi kushindwa na robota la mabua. Kuna nini? Una ugomvi na msimamizi? Unaumwa?

Ijumaa nitakuwa nimesimama barabarani.

Eduvina


26 Juni

Eduvina,

Umefurahi sasa? Hoteli nzima ilicheka. Dereva mmoja wa mafuta, mtu nisiyemjua hata jina, kanipigia kelele, "Wewe ndiye mvivu wa paka?" Miaka arobaini sijawahi kutajwa redioni, hata nilipooa hawakunitaja. Leo natajwa kwa mabua.

Nipo Las Mellizas, nina afya, sina ugomvi na mtu. Msimamizi naye alicheka sana aliposikia. Mabua yanachelewa kwa sababu ya theluji, basi. Nawe usinitumie tena barua za matusi, mkono wa kulia umevimba kidogo na kuandika kunaniuma, kila jibu linanichukua asubuhi nzima.

Nasikitika juu ya yule wa jicho moja. Hilo naliandika kwa moyo wangu wote, utani kando. Nilidhani zimekauka.

Mbwa wako wamehamia huku. Usiku wanazunguka kibanda, wanakwaruza bati. Nimebaki na gunia moja la manyoya ninalolalia, nadhani ndilo wanalolitaka. Usiogope, mlango ni mdogo kiasi cha kuudhi.

Ceferino


Las Mellizas, Ijumaa, 26 Juni 1992

Doña Eduvina, jirani,

Hatujawahi kuonana ila kwa sauti, maana hapa kwetu kila jioni redio iko wazi na jina lako tumelisikia Jumanne. Mimi ni Herminda, mke wa msimamizi. Nakuandikia kwa sababu mume wangu ameinuka kitini, akanitazama, akasema, "Herminda, huyu mama hajui."

Jirani, kaka yako hayupo hapa. Ameondoka tangu Machi, baada ya kukata manyoya. Mwenye shamba ameuza nusu ya kondoo, watu watano wameachishwa, na waliotangulia ndio wenye umri mkubwa. Hakugombana na mtu. Alinywa chai jikoni kwangu, akaosha kikombe chake mwenyewe, akaniambia, "Herminda, zile keki zako zilikuwa nzito lakini nitazikumbuka." Nililia baada ya yeye kwenda, na keki zangu si nzito.

Mume wangu alimwambia, "Nenda kwa dada yako mjini." Akajibu, "Dada yangu ana wa kutosha uani kwake." Akaondoka na mbwa wake mzee, ambaye nasikia alikufa Mei, na magunia manne ya manyoya ya tumboni. Hayo ndiyo aliyopewa na shamba kama mkono wa kwaheri. Hakupewa kingine.

Anakaa kwenye kile kibanda cha bati cha waliokuwa wakitengeneza barabara, hapa kabla ya njia panda. Hoteli wanampa supu, naye anawapasulia kuni. Bahamonde anajua. Usimlaumu sana, aliapishwa.

Kuhusu ghala, kufuli halijawahi kuwepo. Mume wangu amempakilia Bahamonde marobota sita ya mabua ya shayiri, makavu, ya mwaka huu. Matatu ni ya paka. Matatu utajua mwenyewe ya nini.

Tulimpelekea blanketi mbili wiki iliyopita, akazirudisha. Alisema dada yake ameandika kwamba blanketi si nzuri. Tulidhani baridi imemwingia kichwani.

Mungu akutunze,
Herminda Gallardo


Punta Arenas, Jumatano, 1 Julai 1992

Kaka Ceferino,

Barua mbili ziliteremka kwenye lori moja. Nilisoma yako kwanza, nikakasirika. Nikasoma ya Doña Herminda. Nikakaa juu ya robota, barabarani, watu wanapita.

Kisha nikafanya ninalojua. Nilivuta marobota mpaka uani, nikayafungua, nikajaza nyumba zote sita mpaka mlangoni, nikayachambua yalegee. Zunilda alitaka kusaidia, nikamfukuza. Sasa nyumba zote zina mabua ya kuchimbia na paka wote sita wameingia kabla sijamaliza kufunga mfuniko wa mwisho. Leo alfajiri nje ilikuwa nyuzi kumi na tatu chini. Ndani, saba juu. Nilipotoka na taa sikusikia kikohozi hata kimoja. Kuhusu paka basi, yamekwisha, usiulize tena.

Bahamonde nilimsubiri mpaka alipomaliza kushusha mzigo. Nikamwambia, "Umenidanganya tangu Machi." Akasema, "Aliniapisha, Doña." "Kwa nani?" "Kwa mama yake." Nikamwambia, "Mama yake ni mama yangu pia, kwa hiyo nakufungulia kiapo. Ongea." Akaongea. Ameniambia kuhusu bomba la moshi. Ameniambia kuhusu mkono, kwamba si "umevimba kidogo", kwamba vidole viwili vimekuwa vyeusi kwenye ncha. Ameniambia jinsi unavyovaa koti safi kila Alhamisi ukimngoja hotelini, ili aniambie kaka yangu anaonekana vizuri.

Nikarudi kwenye barua yako ya kwanza, ile ya jike zee la kondoo. Mimi nilikujibu kwamba angekuwa wa kwangu angekwisha kuwa mchuzi. Usiku huo uliisoma wapi, Ceferino? Chini ya lile blanketi la ubao?

Sikuombi radhi kwa barua, hilo tutalimaliza uso kwa uso, na wewe pia una lako la kujibu. Magunia manne walikupa, na matatu ukanitumia mimi, na mimi nikayachoma nikiwa nimeziba pua. Ungeandika mstari mmoja tu, "Vina, nimeachishwa kazi," ningekuja na lori lile lile. Ulifukua theluji kwa mkono huo huo unikatie nyasi, kuliko kuandika mstari mmoja. Hiyo ni hesabu gani? Nimeijaribu kwa kila njia, haitoki.

Ulimwambia msimamizi nina wa kutosha uani kwangu. Uani ndiyo. Uani nina sita. Ndani sina mtu.

Chumba kipo juu ya banda. Nimekisafisha jana. Ukuta wake mmoja unapitiwa na bomba la moshi la jiko kubwa, tunachemsha tangu alfajiri mpaka jioni, kwa hiyo ukuta huo haupoi hata siku ya Jumapili. Ni kidogo, mita mbili na nusu kwa tatu. Kitanda nimekitoa kwangu. Dirisha linatazama mlango-bahari, na kama hutaki kuutazama, nina pazia. Kazi ipo: mitego ya kaa imechanika na wale ninaowaajiri kuishona wanafunga mafundo ya kamba za viatu. Lakini nisikilize vizuri. Hata kazi isingekuwepo, hata vidole hivyo viwili visipone, hata ukikaa juu mchana kutwa ukinicheka kupitia nafasi za mbao, chumba ni chako. Afisa wa afya amekataza wanyama tu, nimemwuliza.

Daktari nimemwambia. Anakusubiri Ijumaa jioni, hata akifunga atafungua.

Gunia la manyoya litupe mbali na kibanda leo hii, ukishaipata barua, kabla giza halijaingia. Bahamonde anakuachia robota moja, ujifunike nalo usiku wa leo mpaka masikioni, ulale humo, usilale juu yake. Ameahidi kulirekebisha bomba la moshi, lakini simwamini na bomba, kwa hiyo jiko usiwashe.

Usiniandikie tena kuhusu theluji getini wala jino la msimamizi. Usinitanie. Usiniambie kwamba hutaki kunisumbua, kwa sababu tangu Juni ianze sijalala usiku mmoja mzima, na nilidhani ni kwa ajili ya paka.

Kesho naondoka na Bahamonde, nitalala kwa Doña Herminda ili upate usiku mmoja wa kufikiri, na kesho kutwa anageuza lori. Ijumaa saa sita mchana atasimama mbele ya kibanda chako, sio hotelini, mbele ya kibanda, na mimi nitakuwa nimekaa pembeni yake kwenye lori, maana leo nimeamua sitakungoja barabarani. Nitateremka, nitagonga bati, na nitakuuliza swali moja. Nataka ulijibu kwa neno moja, na neno hilo uwe umelipata kabla sijafika.

Unakuja nyumbani, ndiyo au hapana?

Dada yako,
Eduvina Oyarzo